Chumba cha Mama Mkwe Juu ya Jiwe

Makadirio ya fundi yaliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari la mwanangu wa darasa la nne. Upande wa nyuma kulikuwa na hesabu za sehemu, mbili zimekosewa. Tofali 1,100, saruji mifuko 85, mchanga tripu tatu, kokoto tripu mbili, nondo, mbao, bati, ufundi. Jumla 13,800,000. Juu kabisa alikuwa ameandika "vyumba 2 na choo", akapiga mstari mara mbili.

Ilikuwa Januari 2022. Mama mkwe alikuwa ametoka kulazwa Bugando wiki tatu kabla, upande mzima wa kulia ukiwa mzito kwa kiharusi, na habari ya kurudi kwake kisiwani Ukerewe kuishi peke yake haikuwa ikizungumzwa tena. Alilala sebuleni kwenye godoro. Nyumba yetu iko Bwiru, Mwanza, kwenye mteremko, vyumba vitatu na watoto wanne, na choo kiko chini ya ngazi mbili ambazo miaka yote sikuwahi kuziona kama ngazi. Sasa nilikuwa nazihesabu kila usiku nikiwa nimemshika kiuno. Ile karatasi ilipofika, swali langu lilikuwa moja tu: anaanza lini?

Fundi ndiye aliyetujengea nyumba mwaka 2009. Namwamini. Nilipomuuliza kama hatutahitaji ramani, aligusa paji la uso wake. "Mwalimu, ramani ni hii hapa. Nyumba hii nimeizaa mimi."

Mume wangu ndiye aliyeleta neno la kibali. Mtaa wa pili jirani alijiongezea chumba na kibaraza, akaamka asubuhi akakuta X nyekundu ya kubomolewa ukutani, mpaka leo anaizungushia pazia. Watu wengi tunadhani kibali ni cha kuanzisha nyumba mpya tu, hiki cha kuongeza ni "marekebisho". Si hivyo. Kuongeza chumba nako ni kujenga, na kibali kinadaiwa vilevile.

Tukafanya kile kinachofanywa na kila mtu asiyetaka gharama: tukaenda kwa kijana mwenye kompyuta pembeni ya mashine ya fotokopi. Shilingi 150,000, siku mbili. Ramani ilitoka na rangi, gari limeegeshwa mbele, miti ya aina ambayo sijaiona ikiota Mwanza, na kiwanja kimelala tambarare kama uwanja wa Kirumba. Nikamwambia kwangu kuna jiwe refu kuliko nyumba. Akasema jiwe halichorwi.

Faili lilirudi. Afisa aliyelipokea alikuwa mstaarabu, alinieleza bila haraka: kwa sheria ya mwaka 2010, michoro ya majengo hutiwa mhuri na mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na yangu haikuwa na mhuri wa mtu yeyote. Akauliza pia michoro ya mihimili iko wapi. Nikamwuliza mihimili ndiyo nini. Akatabasamu.

Jioni ile nyumbani hapakukalika. Mume wangu alikuwa na hesabu yake: hela ya msanifu, huyo mchoraji wa majengo mwenye mhuri, ni bati za paa zima. Na kweli, kwetu msanifu ni mtu wa maghorofa ya Capri Point, ni wa benki na hoteli. Vyumba viwili na choo, tofali za inchi sita, lenta ya zege juu ya madirisha, kenchi za mbao za kubeba bati, mwisho. Nani asiyejua? Mimi sikuwa na hoja ya kumjibu, nilikuwa na picha tu ya jirani wa chini yetu, ambaye aliongeza sebule mwaka 2018. Paa lake jipya linakutana na la zamani na kufanya bonde katikati, na kila masika anaweka ndoo tatu kwenye kochi. Ukuta wake mpya umeachana na wa zamani. Mwanangu mdogo anaingiza vidole pale. Fundi wake hakuwa mjinga. Alijenga vizuri chumba ambacho hakikupaswa kujengwa pale.

Mwalimu mwenzangu alinipa namba ya msanifu mmoja, binti wa miaka kama thelathini. Nililitafuta jina lake kwenye orodha ya Bodi, nikalikuta. Nilimpigia nikiwa nimejiandaa kutajiwa bei ya kutisha. Yeye akasema: "Mama, usininunulie michoro bado. Nilipe kwanza nije niangalie. Nikikuta hunihitaji nitakwambia." Kuja kuangalia na kuchora wazo kwa mkono, 200,000. Michoro ya kibali, kama tutaendelea, 650,000. Kusimamia ujenzi wote ni bei nyingine, lakini akanishauri nisiichukue kwa kazi ndogo kama ile. Afadhali nimlipe kwa kila safari, elfu sitini, aje siku tatu muhimu: msingi kabla ya zege, lenta kabla ya zege, na kenchi kabla ya bati. Nasema haya kwa kirefu kwa sababu sikujua kwamba msanifu ananunuliwa kwa vipande. Nilidhani ni yote au basi.

Alikuja Jumamosi na viatu bapa na utepe wa kupimia. Fundi naye nilimwita, akasimama mbali kidogo mikono nyuma, akimwita "injinia", maana kwenye saiti zetu kila mwenye karatasi ni injinia. Binti akamsahihisha kwa upole. Baada ya dakika kumi akawa "injinia" tena.

Hakutoa kalamu. Alianza kwa kumsalimia mama mkwe, akakaa chini kwenye mkeka. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu." Wakaongea karibu saa nzima: unaamka saa ngapi, unaamkia upande gani wa kitanda, mkono gani unashika, ukikaa unapenda kuona nini. Mume wangu alinitazama kwa jicho la kusema laki mbili yetu inaongea na bibi. Kisha binti akatoka nje, akapanda juu ya lile jiwe kama mtoto, akachuchumaa, akatuita.

Mtu yeyote wa Mwanza ameiona michirizi myeusi kwenye mawe yetu. Mimi nimekaa nayo tangu 2009, nikidhani ni uchafu. Akatuonyesha: pale penye weusi ndipo maji yanapoteremkia mvua ikinyesha. Michirizi yote mikubwa ya jiwe letu ilishuka kwenye uchochoro ule ule wa kaskazini kati ya jiwe na nyumba, na fundi alikuwa ameshachomeka vijiti vya vyumba viwili hapo hapo. "Fundi, maji haya yakifika hapa yatakwenda wapi?" Fundi akafikiri. Akasema tutaweka bomba chini ya jamvi, ile sakafu ya zege. "La inchi ngapi?" Akatazama juu ya jiwe, akatazama chini, hakujibu. Chini ya ule uchochoro ni nyumba ya jirani mwenye ndoo tatu.

Halafu binti akaona ufa.

Ufa ule tulikuwa nao tangu tetemeko la Kagera, Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, lile la 5.9 lililobomoa nyumba nyingi Bukoba. Huku kwetu vyombo vililia kabatini tu, na kesho yake kulikuwa na ufa mwembamba juu ya dirisha la chumba cha watoto, unaokwenda mshazari. Fundi aliupiga plasta, ukarudi. Akaupiga tena. Mimi nikaweka kalenda. Binti akaitoa kalenda, akauliza upande ule msingi umekaa juu ya nini. Fundi, nimsifu hapa, hakuficha: nusu ya nyuma ya nyumba imekaa juu ya jiwe lenyewe, nusu ya mbele inayoelekea ziwani imekaa juu ya kifusi kilichojazwa ndani ya ukuta wa mawe. Mwaka 2009 hela ilikuwa imeisha.

Jiwe halishuki, kifusi hushuka polepole kila kinapolowana, na nyumba iliyokalia vyote viwili hukatika katikati. Paa letu halikuwa na gata la kukinga maji. Kwa miaka kumi na tatu maji yote ya bati yalikuwa yakidondokea msingi wa mbele. Tetemeko lilionyesha tu palipokuwa pamechoka. Vyumba vya fundi vingekaa hivyo hivyo, mguu mmoja jiweni na mmoja kwenye kifusi, tena vimeshikanishwa kwa meno ya tofali na ule ukuta wenye ufa.

Nikamwuliza binti tufanyeje. Akaomba penseli. Akachora kistari kwenye kila ncha ya ufa, akaandika tarehe pembeni: 19/2/2022. Akasema tusubiri masika ipite. Mume wangu alitoka nje bila kusema neno. Mama yake yuko kwenye godoro, na mtaalamu tuliyemlipa anasema subiri.

Tulisubiri. Nilimtengenezea mama mahali kwenye chumba cha wavulana, wavulana wakahamia sebuleni, na kila Jumamosi nilikuwa naangalia ule mstari kama mtu anayepima homa. Machi haukusogea. Aprili, baada ya zile mvua za usiku, ulifika juu ya kistari. Tarehe 28/5 ulikuwa umekivuka kwa upana wa vidole viwili.

Hapo binti akasema kitu ambacho ndicho hasa kilichonifanya nimwamini: "Hapa kazi yangu inaishia. Mpigie mhandisi." Sikujua tofauti. Msanifu anapanga watu watakaaje, mwanga, hewa, maji, milango. Kwamba ukuta utasimama na nondo ziwe ngapi ni swali la mhandisi, aliyesajiliwa na bodi nyingine. Shilingi 400,000 zaidi. Mhandisi alikaa nusu siku, akachimbisha shimo kwenye kona ya mbele, akakuta kifusi mpaka mita moja na ushee. Ushauri wake ulikuwa mfupi: wekeni gata na mfereji, msiongeze uzito wowote upande huu, na chumba kipya kiwe na msingi wake wenyewe, kisishikane na nyumba. Kati ya ukuta wa zamani na mpya iachwe nafasi ya sentimita mbili, ifunikwe juu kwa ukanda wa bati. Kila jengo lijisogelee lenyewe.

Mchoro wa binti ulipokuja ulikuwa na chumba kimoja. Kimoja! Kiko nyuma, mashariki, uani, pale palipokuwa na jiko la nje na stoo, juu ya jiwe tupu. Wavulana aliwatafutia nafasi kwa kuvunja stoo ya ndani na kipande cha korido ambacho hatukuwahi kukitumia kwa lolote zaidi ya kuweka baiskeli mbovu. Nikasononeka. Kisha akanionyesha hesabu ya ngazi, na hii nimeshamfundishia kila mtu mwenye mzee nyumbani. Mteremko wa kiti cha magurudumu, kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita kumi na mbili za kwenda mbele. Mbele ya nyumba yetu sakafu iko juu ya ardhi kwa sentimita 45, kwa hiyo mteremko ungekuwa mita tano na sentimita 40. Fundi alikuwa ameupangia mita moja na nusu. Huo angeushuka mbuzi. Nyuma, uani, tofauti ni sentimita kumi tu. Mita moja na sentimita ishirini, basi, na geti letu liko upande huo huo. Mlango wa choo sentimita 90 badala ya ule wa kawaida ambao kiti kisingepita. Hakuna kizingiti bafuni. Chuma cha kushikia upande wa kushoto wa choo, si wa kulia, kwa sababu mkono unaofanya kazi ni wa kushoto. Hilo la mkono alilipata siku ile ya mkeka.

Alikosea mahali pamoja. Alikuwa amekitokeza chumba kidogo kaskazini ili dirisha kubwa liangalie ziwa, na kwa kweli pale jua linapozama unaona mpaka ngalawa. Mama mkwe aliposomewa mchoro akakataa. "Ziwa nimezaliwa katikati yake, mjukuu wangu. Mimi nataka nimwone anayeingia." Ziwa kwetu liko magharibi, na sisi tuko karibu kabisa na ikweta, jua la saa tisa lingemchoma kitandani mpaka saa kumi na mbili. Binti alicheka, akakiri alijichorea mwenyewe. Dirisha likageuzwa likaangalia geti.

Fundi naye alipata siku yake. Msanifu alikuwa ameweka kona moja ya ukuta juu ya jiwe fupi lililochomoza uani. Fundi akaligonga nyundo, akasogea, akagonga lile kubwa, akarudi. "Sikiliza. Hili limelala tu, halijaota." Mimi sikusikia tofauti yoyote. Wakachimba pembeni, na kweli, futi mbili chini kulikuwa na udongo mtupu; jiwe zima lilikuwa limekaa kama yai kwenye kiota. Kona ikasogezwa sentimita 60. Binti akaandika mabadiliko kwa kalamu nyekundu kwenye nakala yake, mhandisi akakubali, na tangu siku hiyo fundi hakusimama tena mbali mikono nyuma. Jiwe lenyewe alitaka kulipasua kwa moto na maji kama tunavyofanya huku, wakamkatalia kwa sababu ya kuwa karibu na ukuta, likapasuliwa kwa kabari na nyundo kwa siku nne. Kina mama wawili waponda kokoto wakalimaliza. Kokoto ya jamvi sikununua.

Tulijenga Julai hadi Septemba. Kibali kilitoka bila maneno. Sasa hela, maana najua ndiyo inayosubiriwa. Msanifu na safari zake tatu 1,030,000, mhandisi 400,000. Ujenzi, pamoja na gata la nyumba nzima, milango, umeme na bomba, 12,600,000. Ukijumlisha ni 14,030,000: chumba kimoja kwa bei ya vyumba viwili vya kwenye karatasi. Ila makadirio ya fundi, kama ya mafundi wengi, yaliishia kwenye bati. Hayakuwa na mlango hata mmoja, wala swichi. Kwa hiyo sitamdanganya mtu kwamba msanifu alituokolea fedha. Mume wangu anasema alituokolea kesi na jirani. Mimi nasema kama ningemlipa Januari badala ya kijana wa fotokopi, ile laki na nusu yake ingebaki mfukoni.

Tangu hapo naulizwa sana, na jibu langu linabadilika kulingana na anayeuliza. Kaka yangu ana kiwanja Luchelele karibu na maji, alitaka kuongeza banda la wageni. Nikamwambia kabla ya msanifu anunue utepe: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaka 2020 ziwa lilipopanda wenyewe tuliona magodoro yakibebwa vichwani. Alipima akakuta 41. Mwalimu mwenzangu wa Buhongwa, kiwanja tambarare, anataka kuongeza chumba cha kulala ambacho nyumba ilishaachiwa nafasi kwenye ramani yake ya awali yenye mhuri. Huyo nilimwambia arudi kwa aliyemchorea, asianze safari mpya. Shemeji yangu anataka kupandisha ghorofa kwa sababu nondo zimeachwa zikichomoza juu ya nguzo tangu 2011. Zimepigwa mvua miaka yote hiyo, zimekuwa rangi ya chai. Nilimwambia asimwite fundi, asimwite hata msanifu, aanze na mhandisi.

Ule ufa uko pale pale. Baada ya gata na mfereji kuwekwa, masika ya 2023 haukusogea, ya 2024 haukusogea. Tarehe zimepangana ukutani kwa mwandiko wa mume wangu, ambaye amekataa chumba kile kupigwa rangi. Kalenda nimeihamishia jikoni.

Mwaka jana mama mkwe alitaka kuku. Akasema wa Ukerewe bila kuku ni mgonjwa. "Utamwita na yule binti achore banda?" Nikamwambia hapana mama, hilo ni la fundi. Akalijenga kwa siku moja na nusu, bila karatasi, kwa mabaki ya mbao za kenchi. Linavuja kona moja. Kuku hawajalalamika.